Mjomba aliniachia minazi mitatu, na labda figo zake

Nianze na minazi ndo tuelewane. Mjomba wangu alifariki mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, na kwenye wasia akaniachia minazi mitatu nyuma ya nyumba yake hapa Waa. Shamba lilienda kwa wanawe kama sheria ya dini inavyotaka. Mimi mtoto wa dadake sikuwa na fungu, ila alitaka nipate kitu. Wazee pale matangani walicheka kidogo, wakasema mzee amekumbuka Udigo wa zamani. Kama wewe si wa huku: zamani kwetu Wadigo, mtu alirithiwa na watoto wa dadake, si wanawe wa kuzaa. Uislamu ulibadilisha hesabu ya mali, lakini mpwa kufananishwa na mjomba hakujaisha. Mimi tangu mdogo naambiwa, "Umemchukua mjombako." Pua, miguu, hata kukoroma.

Sai hiyo kauli naisikia vingine kabisa, manake mjomba figo ndizo zilizomuua.

Sio sukari, sio chumvi nyingi, sio jini. Alikuwa na ugonjwa ambao figo zinaota vifuko vya maji, kimoja, viwili, mamia, mpaka figo yenyewe inageuka kama kichane cha zabibu. Madaktari huuita polisistiki. Figo ya kawaida ni kama ngumi yako. Hizi zinaweza kufika kilo kadhaa kila moja, na maini nayo yakaota vifuko, tumbo likajaa. Na ni ugonjwa wa kurithi. Jeni mbili ndizo zinazohusika zaidi, PKD1 iliyopatikana 1994 na PKD2 iliyopatikana 1996. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu. Ni kama kurusha sarafu, na kila mtoto anarushiwa ya kwake. Hii watu huikosea sana. Wakubwa wawili wakishaumwa, haimaanishi wadogo wawili wamepona. Sarafu haina kumbukumbu.

Sikumaliza chuo, na hata nilipokuwa chuo sikusomea mambo ya hospitali. Haya nimeyajua kwa sababu nililazimika kuyajua, nikiwa nimekaa kwenye mabenchi ya klabu ile ambayo hakuna mtu hujiunga kwa hiari.

Hii ndo hadithi yenyewe. Mjomba akiwa kijana alikuwa akikojoa damu. Hapa Kwale ukikojoa damu jibu liko tayari: kichocho. Na si jibu la kijinga, kichocho kweli kiko, vijana wameogelea kwenye mabwawa na mito yenye konokono miaka na miaka. Akapewa prazikwanteli, damu ikakatika, akaendelea na maisha. Baadaye presha. Mtu ana miaka thelathini na kitu ana presha ya mzee, anaambiwa apunguze mawazo. Maumivu ya kiuno ananunua vidonge dukani, hivyo vya dikilofenaki vinavyouzwa kama peremende, ambavyo ukiwa na figo mbovu ni sawa na kumwagia mafuta moto. Alipofika kwa daktari aliyempiga ile skani ya tumbo, ya kupakwa jeli, alikuwa na miaka hamsini na mbili na figo zishachoka. Kuanzia hapo ni dialisisi. Mara mbili kwa wiki, masaa manne kila mara, bado hujahesabu kupanda matatu kwenda na kurudi ukiwa huwezi hata kubeba mfuko wa nazi.

Wakati tunazika ndo mama mdogo akasema kitu kwa sauti ya chini, akidhani vijana hatusikii. "Hata mama tumbo lilikuwa hivi hivi."

Mama yao, yaani bibi yangu. Bibi alikufa tumbo limevimba, na kakake kabla yake, na ukoo mzima uliambiwa ni kutupiwa. Kumbe wazee walikuwa na data yote. Walijua nani, walijua tumbo, walijua umri. Walikosa tu jina, na walipokosa jina wakaweka jini. Hapo sasa ndo hasira yangu inapoanzia, na wala siwakasirikii kwa kuamini majini. Ninachowakasirikia ni kunyamaza. Nilimuuliza mama mdogo kwa nini hakuna aliyesema. Akanijibu kama mtu anayemfundisha mtoto: "Ungesema, nani angekuja kuoa kwetu?"

Nimelifikiria hilo jibu sana. Si ujinga. Ni hesabu. Msichana wa nyumba yenye "ugonjwa wa ukoo" atakaa nyumbani, kwa hiyo unaficha ili wanao waolewe. Watu wa pwani tunaweza kuulizana ukoo mpaka babu wa saba wakati wa posa, lakini hilo moja linarukwa. Gharama ya kuficha ilikuja kwa mjomba, na sai iko kwa watoto wake.

Mjomba alikuwa na watoto walio tayari kumpa figo. Mkubwa, miaka ishirini na nane, ndiye aliyejitolea kwanza. Wakampiga skani kabla ya yote. Akakutwa na vifuko kwenye figo zote mbili. Wazia. Umeenda kumwokoa babako, unatoka hapo wewe mwenyewe ni mgonjwa. Hakuongea njia nzima mpaka tumefika Kombani, na hata hapo aliloongea ni kumwambia kondakta "shukisha."

Akabaki dadake, miaka ishirini na moja. Skani yake safi kabisa. Sisi tukapiga vigelegele. Daktari akasema subirini. Shida ya huu ugonjwa ni kwamba vifuko huchukua muda kuonekana. Ukiwa na miaka arobaini na skani ni safi, unaweza kupumua. Ukiwa na ishirini na moja, safi ni dalili nzuri sana lakini si kiapo. Na huwezi kumtoa mtu figo moja halafu baada ya miaka ishirini ugundue ile aliyobaki nayo inaota vifuko. Kwa hiyo yeye alihitaji kipimo cha jeni.

Ngoja nikae hapa kidogo manake watu wengi hawajui kipimo hiki kinavyofanya kazi. Unadhani unatoa damu, mashine inasoma, inakuambia una figo mbovu ama huna. Haiendi hivyo. Anayepimwa kwanza ni mgonjwa. Kila familia ina kosa lake la tahajia kwenye hiyo jeni, familia yetu pahali pengine, familia ya jirani pahali pengine kabisa. Kwanza unatafuta kosa liko wapi kwa yule ambaye hakika anaumwa. Hiyo ndo kazi kubwa na ndo bei kubwa, hasa kwa PKD1, kwa sababu hiyo jeni ina nakala 6 feki zilizo karibu sawa na yenyewe, na mashine inaweza kusoma feki ikidhani ni halisi. Likishapatikana, ndugu wengine wanapimwa hilo kosa moja tu: unalo ama huna. Hiyo ni rahisi zaidi na jibu lake ni la kuaminika. Kwa hiyo zile vifaa za kutema mate za kukuambia mababu zako wametoka Yemen ama Kongo, achana nazo kwa hili. Si kazi yake.

Tukaambiwa damu ya mjomba na ya binti zitasafirishwa nje ya nchi, na tukapewa bei. Sitaitaja, ila ni pesa ya kununua simu nzuri, ya wale wanaojisifu kamera. Kwangu mimi ni vifaa vya kazi vya mwaka mzima. Kwa familia iliyokuwa ishauza mbuzi kwa sababu ya nauli, ni mlima. Tukaanza kuchanga. Nilitengeneza bango mwenyewe, nikaweka namba ya kutuma pesa, nikaongea mpaka sauti ikakauka. Tulikuwa tumefika zaidi ya nusu mjomba alipofariki.

Pesa zilizochangwa zikanunua sanda na mchele wa matanga.

Simlaumu daktari aliyesema subirini. Alikuwa sawa, alikuwa anamlinda binti. Lakini nataka tufanye hesabu pamoja, manake hapa ndo nina maoni. SHA inalipa shilingi 10,650 kwa kila mara mtu anaposafishwa damu. Mara mbili kwa wiki ni 21,300. Mwaka mzima ni 1,107,600. Kwa mtu mmoja. Na sisemi isilipwe! Bila hiyo mjomba angekufa mapema zaidi. Ile skani ya jeli kwenye kliniki ya Ukunda ni 2,500, nimeuliza mwenyewe. Familia yetu ina watu kumi na moja walio kwenye mstari wa hatari. Wote kumi na moja ni 27,500. Hiyo haifiki hata mara tatu za dialisisi.

Ningependa mtu wa serikali anieleze kwa nini tunaingojea familia ifike mlangoni mmoja mmoja, kila mmoja akiwa amechelewa, ilhali wa kwanza akishaingia tunajua anayefuata anaishi nyumba gani. Mtu akianza dialisisi, na picha inaonyesha polisistiki, siku hiyo hiyo aulizwe: una ndugu wangapi, watoto wangapi, waje. Wapimwe presha, mkojo, skani. Na damu ya mgonjwa itolewe mapema, ihifadhiwe, hata kama pesa ya kipimo haijapatikana. Sisi tungekuwa na kibomba kimoja cha damu ya mjomba tungekuwa mbali. Bahati yetu, kama unaweza kuiita bahati, ni kwamba mtoto wake mkubwa anao, kwa hiyo kosa la ukoo linaweza kutafutwa kwake.

"Sasa ukijua utafanya nini, na dawa hakuna?" Hilo naulizwa hata na watu waliosoma. Kwanza, dawa ya kuponya kweli hakuna. Ya kupunguza kasi iko, inaitwa tolvaptani, Marekani waliikubali kwa ugonjwa huu 2018, lakini bei yake si ya watu wa Waa kwa sasa. Kile cha bei yetu ni presha. Utafiti mmoja mkubwa, HALT-PKD, matokeo yake yalitoka 2014, ulionyesha kwamba vijana wenye ugonjwa huu ambao figo bado zinafanya kazi vizuri, presha ikishushwa chini kabisa kuliko kawaida, figo zao zilivimba polepole zaidi. Dawa za presha, zile zile anazomeza jirani yako. Ongeza kuacha vidonge vya maumivu vya dukani. Na kujua kwamba maumivu ya kichwa ya ghafla yasiyo ya kawaida si ya kulalia, kwa sababu huu ugonjwa unaweza kwenda na udhaifu wa mishipa ya ubongo. Mjomba angejua haya akiwa na ishirini na tano badala ya hamsini na mbili, sisemi angepona. Nasema labda huu mwaka angekuwa bado ananidai nazi zake.

Kuna jambo lingine lazima nitaje kwa sababu linazunguka sana kwenye video, mtu anaweka muziki wa huzuni na kusema "Waafrika tuna jeni ya figo". Wanamaanisha APOL1. Hiyo ni hadithi nyingine, na tamu kweli. Inahusu mbung'o. Damu ya binadamu ina protini ya kuua vile vijidudu vya malale vinavyoenezwa na mbung'o. Vijidudu vikajifunza kuikwepa, na baadhi ya watu Afrika wakapata mabadiliko kwenye jeni hiyo, yakawakinga tena. Tatizo, ukirithi mabadiliko hayo kutoka kwa baba na mama pia, figo zako zinaweza kuharibika. Wanasayansi waliliunganisha hilo na figo 2010. Utafiti uliofanywa Nigeria na Ghana, uliochapishwa 2024, ulikuta karibu watu 3 kati ya 10 wana nakala mbili za namna hiyo, na hata hivyo wengi wa wenye nazo hawafiki kwenye figo kufa. Ukija huku Afrika Mashariki ni adimu zaidi kuliko kule. Sisi wenye mbung'o zetu Shimba Hills kule juu, wanaosumbua ng'ombe hadi leo, hatuwezi kuchukua namba za Lagos tukasema ni zetu. Na dawa ya kujaribiwa kwa ajili ya APOL1 iko, inaitwa inaksaplini, kwenye majaribio ya mwanzo, kwa watu wachache, ilipunguza protini kwenye mkojo karibu nusu. Nafurahia. Lakini ya familia yetu si hiyo. Ukisikia "jeni ya figo" uliza jeni gani, ya nani, inarithiwa vipi. Yetu inatosha mzazi mmoja. Ile ya APOL1 hatari kubwa ni ukipata pande zote mbili. Ni vitu viwili tofauti kama nazi na embe.

Sasa kile kitu kinachoninyima usingizi.

Mama yangu hajapimwa na hataki. Ana miaka arobaini na saba, ana presha, na ameamua kwamba ni ya mawazo. Nikimgusia anasema kila kitu ni kadari. Nikimwambia hata ngamia hufungwa kwanza ndipo utawakali, ananiangalia kama mtu aliyemsomesha madrasa mwenyewe kwa pesa yake, na ni kweli. Mimi nina ishirini na tatu. Nataka kujua.

Lakini ona mtego. Kama mimi ninayo, imepitia kwake. Siwezi kuwa nayo kutoka kwa mjomba moja kwa moja, minazi ndo ilitoka kwake moja kwa moja. Kwa hiyo siku nitakapojua kwamba ninayo, nitakuwa nimempima mamangu bila ruhusa yake, bila sindano, bila yeye kutoka jikoni. Hakuna kipimo kingine namna hiyo. Ukipima malaria yako ni yako. Ukipima jeni, umefungua barua yenye majina ya watu wengine.

Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inaweka data ya jeni kwenye kundi la data nyeti, pamoja na afya na familia yako. Vizuri. Inanilinda na mwajiri, na kampuni, na mtu wa hospitali mwenye mdomo. Hainisaidii mezani na Mama tukila muhogo.

Binamu yangu, yule mgonjwa, anaona kila mtu lazima apimwe, apende asipende. Namuelewa, yeye hakuchagua, aliambiwa wakati anajaribu kutoa zawadi. Sikubaliani naye. Mtu mzima ana haki ya kutotaka kujua, na Mama ni mtu mzima kuliko mimi. Lakini haki yake ya kutojua haiwezi kuwa kufuli kwenye mlango wangu. Hapo ndipo nimefika baada ya miezi. Yeye asipime kama hataki. Mimi nitapima. Jibu langu sitamlazimisha alisikie. Na wadogo zangu wawili, wa kumi na sita na wa kumi na tatu, hao sitawaburuta kwenye kipimo cha jeni, wangoje wakue waamue. Presha yao lakini nitaipima kila nikienda famasi, hiyo haina siri yoyote na haimfungulii mtu barua.

Nilimwambia Mama hivyo juzi, akiwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nazi yenyewe ya mnazi wangu, tena. Hakuacha kukuna.

"Na ukikutwa nayo utaniambia?"

"Ukitaka."

"Sitaki."

"Basi sitakuambia."

"Nitakuangalia tu uso nijue," akasema, kisha akaniomba nimsogezee chungio.

Jumatatu saa tatu asubuhi nina miadi ya skani pale Ukunda. Kwa umri wangu ikitoka safi haitakuwa kiapo, hilo nalijua, na tunaendelea kuchanga kwa ajili ya kipimo cha binamu ili siku moja tulijue kosa la ukoo. Mama amesema atanisindikiza mpaka steji. Si zaidi ya hapo. Halafu jana usiku akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya samaki, hiyo skani mtu anaenda akiwa hajala ama amekula.